MS na kumbukumbu: mara nyingi jambo halikusahauliwa, halikuingia

Kauli ninayoisikia zaidi kutoka kwa watu wenye MS, yaani ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi, ni hii: "Nasahau sana siku hizi." Nyuma yake huwa kuna hofu kwamba ndio mwanzo wa kupoteza akili kabisa, hadi kufikia kutowatambua watoto wake mwenyewe. Mimi ni mwanasaikolojia wa ubongo, kazi yangu ni kupima kumbukumbu na kasi ya kufikiri kwa wagonjwa wa neva. Naandika haya kwa sababu hofu hiyo inawatesa watu kuliko inavyostahili, na tatizo lenyewe, ambalo ni la kweli, bado linapuuzwa hata kliniki.

Katika MS, kinga ya mwili inashambulia mayelini, yaani utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Utando huo ndio unaowezesha ujumbe kusafiri haraka. Ukichubuka, ujumbe unachelewa au unapotea njiani. Ndiyo maana kinachoathirika zaidi katika kufikiri huwa ni kasi. Ganda la nje la ubongo nalo hupata majeraha ambayo picha za kawaida za MRI haziyaonyeshi vizuri, na thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo inayopokea na kusambaza ujumbe mwingi, husinyaa mapema.

Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1868, aliona tangu wakati huo kwamba kumbukumbu za wagonjwa wake zilidhoofika na mawazo yao yalijengeka polepole. Kisha kwa miaka mingi madaktari wakashughulika zaidi na miguu, macho na kibofu. Mwaka 1991 Stephen Rao na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya watu 100 wenye MS waliokuwa wakiishi majumbani mwao, si waliolazwa wodini, wakakuta kiasi cha asilimia 43 wana upungufu wa kufikiri au kukumbuka. Hata hivyo EDSS, kipimo cha ulemavu kinachotumika zaidi kwenye MS, kuanzia alama ya 4 kwenda juu kinategemea hasa mwendo wa mtu. Mtu anaweza kuingia kwa daktari akitembea vizuri, akaambiwa hali yake ni nzuri, na huku kazini anashindwa kufuatilia kikao. Hilo linaniuma, maana anatoka pale akiamini kwamba ni uzembe wake.

Kipimo ninachoanza nacho huitwa SDMT. Karatasi moja tu: juu kuna alama tisa, kila moja na namba yake, na chini kuna mistari ya alama hizohizo bila namba. Unataja kwa mdomo namba ya kila alama, kadiri uwezavyo, kwa sekunde 90. Mtu mwenye MS kwa kawaida hakosei. Ila macho yake yanarudi juu kila mara, hata kwa alama aliyoitaja punde tu, na muda unakwisha akiwa nyuma. Idadi ya majibu yake sahihi ikipungua kwa 4 au zaidi kulinganisha na kipimo kilichopita, nalichukulia kwa uzito.

Baadaye namsomea orodha ya maneno 16, mara tano, na kila mara anarudia yale anayoyakumbuka. Mara ya kwanza anashika machache. Ya pili anaongeza moja au mawili, anakunja uso, ananiomba radhi. Hata baada ya mara ya tano hajamaliza orodha. Tunafanya mambo mengine, kisha baada ya kama dakika 25 namuuliza ghafla, na mara nyingi anayataja karibu yote aliyokuwa ameyashika. Yeye mwenyewe hushangaa. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kwa kawaida mengi yangekuwa yameshayeyuka. Huyu wa MS, aliyoyaingiza ameyatunza. Ugumu ulikuwa kuyaingiza.

Ukilielewa hilo, ugomvi mwingi wa nyumbani unapata sura nyingine. Mke analalamika: "Nilimwambia jana, leo anasema hajui." Namuuliza alimwambia wakati gani. Kumbe redio ilikuwa inaongea, watoto wanapiga kelele, na mume mwenyewe alikuwa anatafuta funguo. Alipokuwa bado analishughulikia jambo la kwanza, la pili na la tatu yalikuwa yameshapita.

Kwa hiyo nguvu tunaziweka pale jambo linapoingia. Zima redio kwanza. Sema moja, subiri, kisha mwombe alirudie kwa maneno yake mwenyewe. La muhimu lipitiwe tena baada ya saa moja, na tena kesho, kwa kujiuliza swali na kulijibu, maana kusoma tu tena na tena hakusaidii sana. Nancy Chiaravalloti na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio ambalo watu wenye MS walifundishwa katika vipindi 10 kuyafunga mambo mapya ndani ya hadithi na picha za akilini, na uwezo wao wa kujifunza ukaongezeka. Daftari na kengele ya simu pia ni tiba, tena nzuri. Nawaomba muache aibu ya kuvitumia.

Kuhusu dawa, nasema wazi: donepezili, dawa ya Alzheimer, na ginkgo, dawa ya mmea, zilijaribiwa kwa kumbukumbu za watu wenye MS, na majaribio makubwa hayakuonyesha faida. Kinachosaidia mara nyingi zaidi ni kukagua dawa ambazo mtu tayari anazimeza. Oksibutinini ya kibofu na amitriptilini ya maumivu au usingizi zote zinaweza kuitia akili ukungu. Usiziache kwa uamuzi wako, lakini mwulize daktari kama kuna mbadala. Usingizi mbovu, uchovu na sonona navyo hupunguza kasi, na sonona hasa ni ya kawaida sana kwenye MS na inatibika.

Mwaka 2018 wataalamu walioshirikiana na chama cha MS cha Marekani walipendekeza kila mgonjwa apimwe uwezo wa kufikiri mapema, kisha angalau kila mwaka. Ukienda kliniki, omba kipimo hicho hata kama hujisikii vibaya, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Na kama ndani ya siku chache akili imekuwa nzito ghafla, bila homa wala maambukizi ya mkojo, mpigie daktari wako hata kama miguu na macho viko salama. Shambulio jipya la MS linaweza kuja kwa namna hiyo pia.