Simu kwenye mchele, wufa ya wati 5,000 na mengine yanayoaminiwa Mombasa

Adui wa kwanza wa kifaa cha umeme Mombasa ni chumvi. Wa pili ni joto. Lakini kifaa kikifa, lawama huenda kwa chaja iliyoachwa usiku, kwa stima iliyopotea na kurudi, au kwa fundi wa mwisho kukigusa. Tuanze na bahari, kwa sababu huko ndiko simu nyingi huishia.

"Simu yangu haiingii maji, naweza kuogelea nayo"

Alama ya IP68 iliyoandikwa kwenye boksi haizungumzii bahari. Tarakimu ya kwanza, 6, ni ya vumbi. Ya pili ni ya maji: 7 maana yake kifaa kilizamishwa mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao kampuni yenyewe imetaja. Kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyotulia, na kwa kifaa kipya. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na kwenye fuo za Pirates au Nyali hayatulii: wimbi linalokupiga kifuani husukuma maji kwa nguvu ambayo kipimo cha kuzamisha hakikuijaribu. Ndiyo maana mfereji wa maji wenye kasi una alama zake nyingine, 5 na 6, na spika yenye IPX7 peke yake haijathibitishwa kuhimili mpira wa kumwagilia bustani.

Kisha kuna umri. Kinachozuia maji ni gundi na vipande vyembamba vya mpira pembeni mwa kioo na ndani ya tundu la chaji. Simu ikianguka mara mbili tatu, ikikaa juani, au ikifunguliwa kubadilishwa kioo, kinga hiyo hupungua, na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kukuhakikishia imerudi ilivyokuwa. Kampuni nyingi pia hazilipi uharibifu wa maji hata kama zenyewe ziliandika IP68. Ndani ya simu nyingi, mara nyingi kwenye tundu la laini, kuna kibandiko kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Hicho ndicho kitu cha kwanza watakachoangalia. Ukinunua simu ya mkono wa pili, kiangalie wewe kwanza, kwa tochi.

"Ikilowa, itie kwenye mchele"

Hii ni dhana iliyoua simu nyingi, na inafaa tukae nayo.

Mchele mkavu hauvuti maji yaliyonasa ndani ya simu. Unachofanya ni kuizungushia nafaka na kuikosesha upepo, huku unga wake ukiingia kwenye tundu la chaji na kugeuka ubandiko. Apple imeandika wazi kwenye maelekezo yake kwamba simu isiwekwe kwenye mfuko wa mchele, kwa kuwa chembechembe zinaweza kuiharibu. Simu inayoonekana kupona kwenye mchele ingepona vilevile mezani, na pengine mapema zaidi.

Kwa maji ya bahari mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu maji yakikauka chumvi inabaki. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka unyevu ukipita takriban asilimia 75, na ile ya bahari huanza mapema zaidi kwa sababu ina magnesiamu. Usiku wa Mombasa hupita kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo simu iliyolowa bahari haikauki kabisa: ndani yake mna utando unaolowa kila usiku, betri inaendelea kupitisha umeme juu yake, na shaba ya ubao inaliwa hadi itoe ule ukungu wa kijani ambao mafundi wa simu wanaujua vizuri. Ndipo unasikia mtu akisema simu ilifanya kazi wiki mbili baada ya kuanguka majini, kisha ikazima tu.

Cha kufanya ni hiki. Izime mara moja. Usijaribu kuiwasha kuona kama iko hai, na usiiweke kwenye chaji. Vua kasha, toa kijisahani cha laini. Kama simu ina alama ya kuzuia maji na kioo hakijapasuka, isuuze kwa maji safi yasiyo na kasi, tundu la chaji likitazama chini. Tumia maji ya mfereji au ya chupa. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi, na kuisuuza kwa maji hayo ni kuirudisha baharini. Ifute kwa kitambaa laini, igongegonge taratibu kiganjani tundu likiwa chini, kisha iache mbele ya feni hadi saa 24. Usitumie mashine ya kukausha nywele. Joto lake hulegeza gundi na kusukuma maji ndani zaidi.

Kama haina kinga, au kioo kimepasuka, mpelekee fundi siku hiyohiyo ikiwa imezimwa. Muulize ataisafisha kwa nini. Mafundi wengi hutumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99, na ni nzuri, ila chumvi haiyeyuki vizuri ndani yake. Fundi anayejua kazi huchomoa betri kwanza, huosha ubao kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na brashi laini ili chumvi itoke, na baadaye ndipo hupitisha spiriti kufukuza maji. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri ya gari. Hakikisha chupa si ya asidi. Anayeosha kwa petroli au thina mkimbie: thina hula plastiki, na petroli karibu na betri ya lithiamu haina haja ya maelezo.

"Simu mpya ichajiwe kwa muda wa saa 8, na usiiache kwenye chaji usiku"

Ushauri wa saa 8, pamoja na ule wa kungoja betri ifike sifuri, ulitoka kwenye betri za nikeli. Simu za leo zina betri za lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, na hizo hazihitaji kuzoeshwa. Ichaji unapotaka, kiasi unachotaka. Kuishusha hadi sifuri kila mara huichosha.

Kuhusu usiku: saketi ndani ya simu hukata chaji ikijaa, hivyo betri haijazwi kupita kiasi. Kinachoizeesha ni kukaa imejaa huku ikiwa na joto. Apple inasema iPhone itumiwe kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na chumba cha Majengo chenye paa la mabati mwezi wa Machi hufika hapo bila shida. Ukiiweka simu chini ya mto, ndani ya kasha nene, inachaji kwa kasi, umeipika. Ichaji juu ya sakafu ya saruji au meza ya mbao, kasha limetolewa, mbali na godoro. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Kwa mtu wa Pwani huo ndio mpangilio wenye faida kubwa kuliko yote kwenye menyu ya betri. Na simu iliyoachwa juu ya dashibodi kwenye foleni ya feri Likoni inapata madhara makubwa kuliko ile iliyolala kwenye chaji ndani ya chumba chenye feni.

Ikipata joto usiitie kwenye friji. Hewa ya Mombasa imejaa mvuke, na kitu cha nyuzi 4 kikitolewa nje hutona matone papo hapo, ndani na nje. Kamera nayo ni hivyohivyo ukitoka chumba chenye eyakondishena kwenda ufuoni: iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje, ndipo uitoe. Usibadilishe lenzi kabla ya hapo.

"Nina gadi, radi na stima havinihusu"

Gadi ya tivi au ya friji hukata umeme ukishuka mno au ukipanda mno kutoka ule wa kawaida wetu wa volti 240, kisha hungoja kabla ya kuurudisha. Basi. Hairekebishi volti, hiyo ni kazi ya stabilaiza. Haihifadhi umeme, hiyo ni kazi ya UPS. Kule kungoja ndiko kunakoiokoa friji, kwa sababu kompresa ikiwashwa kabla presha ya gesi haijasawazika hukwama na kuchemka. Ukiifunga gadi ya tivi, isiyongoja muda wa kutosha, kwenye friji, umeikosesha kinga yenyewe.

Radi ni jambo jingine. Hakuna gadi ya ukutani inayokuhakikishia usalama radi ikipiga karibu, na haipiti kwenye soketi peke yake: hupita pia kwenye waya wa antena hadi nyuma ya tivi. Wakati wa mvua za masika, ukisikia ngurumo chomoa plagi na waya wa antena pia.

Kabla ya kununua gadi yoyote, acha kwanza ule mtindo wa kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Pini nyembamba hazishikwi vizuri, cheche ndogondogo huruka, soketi inabadilika rangi na kuyeyuka, na mwenye nyumba anasema gadi haikufanya kazi. Plagi yetu ina pini tatu na fyuzi ndani yake. Nunua adapta yenye fyuzi.

"Wufa hii ni wati 5,000"

Geuza wufa, soma kibandiko cha nyuma. Kama kinasema inatumia wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya 60, na kwa kweli hutoa pungufu, kwa kuwa baadhi ya wati hupotea kama joto. Namba kubwa ya mbele ni PMPO, hesabu ya mauzo isiyo na kipimo kimoja kinachokubalika. Uliza RMS, yaani nguvu ambayo wufa inaweza kuitoa mfululizo. Na wati zenyewe hazipandishi sauti kama watu wanavyodhani: ili sikio lisikie sauti mara mbili, nguvu inabidi iwe takriban mara 10. Wufa ya RMS 40 na ya RMS 60 zikitofautiana sana, tofauti iko kwenye spika na boksi lake.

Pawabenki ina mchezo wa namba unaofanana. Ile mAh 20,000 imepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, yaani wati-saa 74. Ikipandishwa hadi volti 5 na umeme kiasi kupotea njiani, simu ya mAh 5,000 utaijaza karibu mara tatu, si nne. Muuzaji akikupa ya mAh 50,000 inayoingia mfuko wa shati, iinue tu mkononi: seli nyingi hivyo zina uzito. Ukisafiri kupitia uwanja wa ndege wa Moi, kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, na iende nawe ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini.

"Wi-Fi imejaa, ila intaneti ni mbovu"

Vile vistari vinaonyesha mawasiliano kati ya simu na ruta, basi. Pima kasi ukiwa mita 2 kutoka kwenye ruta. Ikiwa ndogo hapo, mpigie anayekuuzia intaneti. Ikiwa nzuri hapo na mbaya chumbani, tatizo ni ukuta, na nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Masafa ya 5 GHz hufia humo, ya 2.4 GHz hupenya zaidi ingawa ni ya polepole. Badala ya kununua ruta yenye antena nyingi, vuta kebo ya mtandao ya Cat6, ambayo inafika hadi mita 100, hadi chumba cha pili, na ufunge kituo kidogo cha Wi-Fi huko.

"Kebo ya dhahabu ina picha safi, antena ya dijitali inashika zaidi"

HDMI hupeleka namba. Zikifika zote, picha ni ileile kwa kebo ya bei ya chini na ya bei ya juu. Zisipofika, utaona vidoa au skrini nyeusi. Kwa picha ya 4K ya 60 Hz tafuta kebo ya Gbps 18, na ishia hapo. Ila dhahabu haishiki kutu, kwa hiyo huku Pwani ncha zilizopakwa dhahabu zinadumu zaidi. Hiyo ni sababu ya kweli ya kuinunua, ila muuzaji haitaji.

Antena ya dijitali haipo. Tangu Kenya ilipozima analogi mwaka 2015 matangazo yako kwenye mfumo wa dijitali wa DVB-T2, na kazi ya kuyafungua ni ya king'amuzi au ya tivi yenyewe. Antena ya zamani ya UHF inashika kama kawaida. Cha kuangalia ni kama tivi ina T2, maana yenye DVB-T peke yake haitaona kitu. Picha ikianza kukatika vigaevigae baada ya mwaka mmoja juu ya paa, usibadilishe antena. Panda, kata waya nyuma hadi shaba ing'ae, kwa sababu ile iliyogeuka kijani imeshakufa, funga kiungio kipya, na ukizungushie utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe. Utepe wa kawaida wa umeme gundi yake huyeyuka juani. Kabla waya haujaingia ndani, uache ulegee na kushuka chini kidogo ya tundu la ukuta, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kuufuata hadi kwenye tivi.