Je, wajua? Pampu 40 huendeshwa kwa maelekezo yaliyoandikwa mara moja

Mwanza ni vilima na mawe. Maji ya ziwa hayapandi yenyewe hadi nyumba za Bugando. Pampu huyasukuma mpaka kwenye matangi, kisha yanateremka. Chukulia kuna pampu 40, zote zinaendeshwa na PLC, ile kompyuta ndogo ya kudhibiti mitambo. Je, mhandisi huandika maelekezo mara 40?

Huandika mara moja, kwenye kiolezo. Hapo ndipo nilipokosea kwa muda mrefu: nilidhani kiolezo ni kalibu ya tofali. Ukigundua kalibu imepinda, unainyoosha, lakini tofali zilizokwisha kukauka zinabaki vilevile. Kunakili na kubandika ndiko kulivyo hivyo, na kosa moja hukurudisha kwenye pampu zote 40.

Kiolezo kinafanana zaidi na ubao wa kwaya. Waimbaji 40 wanasoma maneno ubaoni. Hakuna aliyeyanakili daftarini. Kila mmoja anajua yake tu: anaimba sauti ya kwanza au besi, anasimama wapi. Mwalimu akifuta neno moja, wote wanaimba jipya. Vivyo hivyo "usiwake kama tangi la chini halina maji" imeandikwa ubaoni, na pampu inabaki na jina lake, waya zake na vipimo vyake. Ila si kila programu iko hivi. Baadhi hutoa nakala kamili. Hata zilizo hivi, mara nyingi badiliko halifiki mtamboni mpaka lipakiwe kwenye PLC.

Yale ya kila kifaa hujazwa kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kifaa kimoja, kisha yote huingizwa kwa mkupuo. Hapa nakuomba utazame kwa karibu. Sensa ya kina cha maji hutuma mkondo wa umeme wa miliampea 4 (tangi tupu) hadi 20 (tangi limejaa). Kwa tangi la mita 5, miliampea 12 ni katikati, yaani mita 2.5. Kwenye jedwali, kimo cha tangi kikiandikwa 10 badala ya 5, skrini itaonyesha mita 5: tangi limejaa! Pampu haiwaki, na watu wa mlimani wanakosa maji. Jedwali lilipokelewa bila ubishi, kwa sababu 10 ni namba halali.

Excel, programu ya kutengenezea majedwali, nayo inaweza kugeuza jina kama MAR1 kuwa tarehe. Wanasayansi wa jeni walibadilisha majina ya jeni kadhaa kwa sababu hiyo, na mwaka 2020 wakaliandika jambo hilo kwenye miongozo yao.

Ndiyo maana fundi hupita tangi kwa tangi na kifaa cha kupimia, akituma miliampea 4, kisha 12, kisha 20, huku mwenzake akimsomea skrini kwa simu.