Homa ya mtoto mwenye katheta: malaria isikuzubaishe

Huku Kisumu mtoto akichemka, neno la kwanza ni malaria. Lakini kwa mtoto anayeishi nyumbani na katheta kifuani (mpira mwembamba ulioingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu ili kupitishia dawa), homa naihesabu kuwa ya katheta mpaka vipimo vinikatalie. Nyuzi 38 zinatosha. Kipimo cha haraka cha malaria kikitoa mistari miwili, atibiwe, ila kesi haijaisha: kipimo hicho huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na maradhi hayo mawili yanaweza kuja pamoja.

Dalili nisiyoipuuza kamwe ni kutetemeka muda mfupi baada ya mpira kusafishwa kwa maji ya chumvi. Vijidudu hujenga utando ndani ya mpira. Msukumo wa maji huvibandua na kuvimwaga kwenye damu. Mpira huo usiguswe tena nyumbani. Ngozi inayouzunguka huenda ikawa safi kabisa, bila usaha wala wekundu.

Aliyeko Bondo au Muhoroni apige simu na kusafiri usiku huo huo. Parasetamoli itashusha homa, haitaua kitu. Na mtoto wa dawa za saratani asipimwe joto kupitia puru.

Hospitalini, damu ya kuotesha (kuiweka kwenye chupa maalumu kuona kama ina vijidudu vinavyokua) hutolewa kabla ya antibayotiki: kutoka kila njia ya katheta, na kutoka mshipa wa mkono. Ujazo uwe sawa. Hapa ndipo tunapokosea sana: mililita 3 za katheta, 1 ya mkono, lebo hazisemi ipi ni ipi, kisha tunataka kulinganisha. Ujazo ukiwa sawa na chupa zikiingia mashineni pamoja, ile ya katheta ikiotesha saa 2 au zaidi kabla ya ile ya mkono, chanzo ni katheta. Antibayotiki ianze ndani ya dakika 60 tangu mtoto afike. Majibu yatakuta dawa inaendelea.

Mpira utolewe? Kwa bakteria Staphylococcus aureus au fangasi wa Candida, ndiyo, hata kama mshipa mwingine ni taabu kuupata. Stafilokoki wa kawaida wa ngozi, mtoto akiwa imara, tunaweza kuuokoa: antibayotiki ya mshipani pamoja na ile inayofungiwa ndani ya mpira, siku 10 hadi 14. Damu ikiendelea kuotesha baada ya saa 72 za dawa sahihi, au shinikizo la damu likiporomoka, mjadala umefungwa: mpira utolewe.

Nyumbani: nawa mikono, sugua kifuniko cha mpira kwa spiriti sekunde 15, kiache kikauke chenyewe. Kukipuliza kwa mdomo ni kurudisha vijidudu ulivyotoka kuviua. Tumia sirinji ya mililita 10. Ndogo hutoa shinikizo kali linaloweza kupasua mpira. Plasta ya kuonyesha ndani hukaa siku 7, shashi siku 2, lakini kwa joto letu jasho huibandua mapema. Ikilegea, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Maji ya kuoga, ya bomba au ya ziwa, yasifike kwenye kifuniko: bakteria aitwaye Pseudomonas hukaa majini, na mpira ukishavamiwa naye mara nyingi hauokoleki.