Aliumia, au alipigwa?

Kazi yangu ni kusoma majalada ya malalamiko dhidi ya polisi, na ninaanza na vitenzi kabla ya picha za majeraha. Mlalamikaji ameandika "walinipiga". Fungua maelezo ya askari kuhusu usiku uleule: "mtuhumiwa aliumia", "alianguka akijaribu kutoroka", "nguvu ya kadiri ilitumika". Ilitumika na nani? Kiswahili kina njia nyingi za kumficha mtenda, na waandishi wa maelezo haya wanazijua zote. Nimewahi kukuta askari wanne, kila mmoja na karatasi yake na saini yake, wameandika sentensi moja ileile. Hata kosa la tahajia lilikuwa lilelile.

Mwili hauna ujanja huo. Aliyeanguka akikimbia huchubuka viganja, magoti, pengine paji la uso. Aliyepigwa rungu mara nyingi hubaki na mistari miwili sambamba, katikati ngozi ikiwa haijavilia damu, kwa kuwa fimbo inapotua huisukuma damu pembeni. Aliyekinga uso huumia upande wa nje wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso uliokamilika 1999, inawaelekeza madaktari na wanasheria namna ya kuandika alama za aina hii. Adui ni muda. Alama hufifia, na kwenye ngozi nyeusi huwa vigumu kuziona hata siku ya kwanza. Ukiwekwa mahabusu mpaka upone, unatoka huna cha kumwonyesha daktari.

Kwa uzoefu wangu, kipigo huwakasirisha watu, lakini imani yao kwa polisi hufa kesho yake, taarifa inaposomwa.

Minneapolis, Marekani, 25 Mei 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi kuhusu kifo cha George Floyd ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati akishughulikiwa na polisi. Goti halikutajwa, wala shingo. Video ya binti wa miaka 17 aliyekuwa akipita ndiyo iliyomwonyesha askari Derek Chauvin akiwa amemkandamiza Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika 9. Aprili 2021 alitiwa hatiani kwa mauaji. Huwa najiuliza, yule binti asingetoa simu mfukoni, jalada lile lingesomekaje? Lingesomeka vizuri tu.

Uingereza walisubiri zaidi. Msongamano wa uwanja wa Hillsborough, Sheffield, 15 Aprili 1989, uliua mashabiki 97 wa Liverpool. Rungu halikuhusika pale. Polisi walishindwa kuongoza umati. Ila mwaka 2012 jopo huru lilibaini kuwa maelezo 164 ya polisi yalifanyiwa mabadiliko makubwa, na katika 116 kati ya hayo yalikuwa yameondolewa au kugeuzwa maneno yasiyowapendeza polisi. Kwa miaka 23 familia zilikuwa zikisikia kwamba mashabiki walevi ndio waliosababisha vifo.

Hasara inarudi kituoni kwa askari mwenyewe. Upelelezi unaishi kwa midomo ya raia: aliyeliona gari, aliyesikia mlango ukivunjwa. Mwanasaikolojia Tom Tyler aliwahoji wakazi wa Chicago miaka ya 1980 akakuta kwamba kutii sheria kunafuata zaidi kuona kuwa polisi na mahakama wanatenda haki kuliko kuogopa adhabu. Jirani aliyesoma taarifa ya uongo kuhusu jambo alilolishuhudia kwa macho yake hatapiga simu wakati mwingine. Atavuta pazia.

Kamera za kifuani zinasaidia, mradi kitufe chake kisiwe kwa askari peke yake. Ofisi huru ya malalamiko, kama ile ya Ireland Kaskazini iliyoanza 2000, inasaidia zaidi, kwa sababu polisi hawajichunguzi wenyewe. Mimi nina ombi dogo kuliko yote hayo: baada ya tukio, kila askari aandike maelezo yake peke yake, kabla hajaongea na mwenzake.

Nililitoa ombi hilo katika kikao cha mafunzo. Ofisa mmoja akanyoosha mkono, mpole kabisa, akauliza, "Sasa mwalimu, wakitofautiana itakuwaje?"