Athari ya Kielelezo: Mwanamke Akiongoza Serikalini, Wanawake Wengine Huguswa Vipi?

Athari ya kielelezo ni mabadiliko yanayotokea kwa wanawake wa kawaida, katika kupiga kura, kuhudhuria mikutano, kuhoji na kugombea, kutokana na kumwona mwanamke mwenzao akishika madaraka ya serikali. Dhana hii mara nyingi huchanganywa na suala la sera anazozitetea kiongozi huyo, lakini hayo ni mambo mawili tofauti, kwa kuwa hapa kinachoangaliwa ni namna kuwapo kwake kunavyobadili fikra za watu kuhusu nani anastahili kuongoza.

Kwa sisi wa Moshi, mfano wa karibu ni Lucy Lameck, mzaliwa wa huku, aliyesomea uuguzi, akajiunga na harakati za TANU, akawa mbunge na naibu waziri, na mwaka 1965 akachaguliwa na wapiga kura kuwa mbunge wa jimbo. Aliomba kura katika jamii ambayo hata mgawo wa maji ya mifereji ya mlimani ulikuwa mikononi mwa wanaume. Sina shaka kwamba kampeni ya namna hiyo ilikuwa somo kwa wasichana wengi kabla hata ya matokeo kutangazwa.

Ushahidi ulio thabiti zaidi umetoka India. Mwaka 1993 katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa ili theluthi moja ya nafasi za wakuu wa mabaraza ya vijiji zitengewe wanawake kwa zamu. Kwa kuwa katika baadhi ya majimbo vijiji vya kutengewa wanawake vilipangwa bila kuangalia hali yake, watafiti waliweza kulinganisha vilivyoongozwa na wanawake na vilivyoongozwa na wanaume. Katika jimbo la West Bengal, wanawake walishiriki zaidi mikutano ya kijiji pale mkuu alipokuwa mwanamke, na fedha nyingi zaidi zikaelekezwa kwenye maji ya kunywa. Hata hivyo, mwanzoni wanakijiji waliwapima viongozi hao kwa ukali hata walipofanya kazi nzuri. Ni baada ya vipindi viwili ndipo wanawake walipoanza kugombea na kushinda kwa wingi zaidi hata katika nafasi ambazo hazikutengwa. Jambo hili la muda ndilo ninaloliona kuwa kiini cha dhana yote, kwa sababu kiongozi mmoja wa kwanza huonekana kuwa mtu wa pekee, ilhali wa pili na wa tatu huwafanya watu wazoee.

Ukaribu nao una uzito wake. Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021, na kabla yake Anna Mghwira, mwanamke pekee aliyegombea urais mwaka 2015, aliteuliwa mwaka 2017 kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Nafasi hizo huonekana na kila mtu, lakini mwanamke wa Kibosho au Marangu hawezi kujipima nazo kwa urahisi. Wabunge wa viti maalumu, ambao kwa mujibu wa Katiba hawapungui asilimia 30 ya wabunge wa makundi mengine yaliyotajwa humo, hupendekezwa na vyama vyao, hivyo mpiga kura hapati nafasi ya kumwona mwanamke akishindana na wanaume na kushinda. Kwa maoni yangu, ndiyo maana diwani wa kata na mwenyekiti wa kijiji au mtaa wanaweza kuwa na athari kubwa kuliko vyeo vyao vinavyoonyesha.

Mkutano mkuu wa kijiji huwapa wakazi wote watu wazima haki ya kusema, lakini haki hiyo haifai kitu ukiitishwa siku ya soko, wakati akina mama wako mjini wakiuza ndizi. Mwenyekiti aliyewahi kuzibeba ndizi hizo huifahamu ratiba yao, naye huanza kwa kubadilisha siku ya mkutano.