Maharamia wa Mto Zhujiang: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mizinga ya Wazungu ndiyo iliyowamaliza.

Hii hurudiwa sana, nayo iko mbali na ukweli. Ni kweli kwamba Novemba 1809 wakuu wa Qing, nasaba iliyotawala China wakati huo, walikodi merikebu sita za Wareno wa Macau kwa tael (kipimo cha uzito cha Kichina) 80,000 za fedha. Merikebu hizo na zile za China ziliubana msafara wa Bendera Nyekundu, mojawapo ya makundi ya maharamia hao, katika ghuba ya kisiwa cha Lantau, karibu na mdomo wa mto. Jeshi la Qing likawasukumia maharamia mashua zinazowaka moto. Richard Glasspoole, ofisa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki aliyekuwa mateka wao wakati huo, anasimulia jinsi maharamia walivyozikokota hadi ufukweni, wakazizima na kuzipasua kuni. Upepo ulipowafaa wakatweka matanga, wakaenda zao. Glasspoole mwenyewe alikombolewa kwa fedha, vitambaa vyekundu, afyuni, baruti na darubini.

Dhana: Walikuwa wezi wa baharini tu, mtoni hawakugusa.

Gavana mkuu Bai Ling, aliyefika Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong, mwaka huohuo wa 1809, aliwakatia riziki: chumvi ikahamishiwa njia ya nchi kavu, na vyombo vikazuiwa bandarini. Njaa ikawapandisha mtoni. Vijiji vya Shunde na Panyu, ndani kabisa ya delta, vikachomwa na kutozwa kikombozi. Kwa maneno mengine, dawa ndiyo iliyouleta ugonjwa mlangoni.

Dhana: Msamaha ulikuwa udhaifu wa kaizari.

Kuwavuta waasi kwa msamaha na vyeo ilikuwa mbinu kongwe ya dola, ila ilihitaji mkono wenye hesabu. Nayancheng, gavana mkuu wa 1805, alipokea maelfu ya maharamia, akalaumiwa kwa ulegevu na kuondolewa. Bai Ling alitanguliza njaa, ndipo akafungua mlango.

Hata hivyo mkutano wa kwanza, Februari 1810, ulivunjika: merikebu za kigeni zilipita karibu, maharamia wakadhani ni mtego. Aprili ndipo Zheng Yi Sao, mjane aliyeuongoza msafara wa Bendera Nyekundu, alipokwenda Guangzhou bila silaha, akifuatana na wanawake na watoto, moja kwa moja hadi kwa gavana. (Mwanamke huyo alijua kusoma uso wa mtu.) Ubishi uliobaki ulikuwa mmoja: watabaki na vyombo vingapi? Wakakubaliana. Waliojisalimisha walikuwa 17,318, pamoja na merikebu 226 na mizinga 1,315. Zhang Bao, nahodha wake mkuu na baadaye mumewe, akavishwa cheo cha jeshi na kuachiwa sehemu ya vyombo vyake.

Dhana: Wote walisamehewa.

La. Wapo waliouawa, wapo waliohamishwa mbali. Wushi Er, kiongozi wa kundi jingine la maharamia, Bendera ya Buluu, alikamatwa katikati ya 1810 upande wa rasi ya Leizhou, akauawa. Miongoni mwa waliotumwa kumsaka alikuwemo Zhang Bao, sasa akiwa na sare ya kaizari.