Beji yako ya mionzi, ile ya kupima mionzi unayopata kazini, iko wapi saa hizi?

Sisi watu wa kinga ya mionzi tukipita vituo vya huku kanda ya kati, tukiingia chumba cha eksirei tunaulizia beji kabla hata ya mashine, na majibu ndo yale yale: iko kwenye droo, nimeisahau kwenye koti lingine, amebaki nayo mwenzangu wa zamu ya usiku.

Wakati huo huo hofu imejaa. Eti ukikaa sana eksirei hutazaa, au utazaa mabinti tu, au unywe maziwa kila jioni yaondoe mionzi. Maziwa we kunywa tu kwa afya yako, ila mionzi ya eksirei haibaki mwilini, ukishaachia swichi imeisha, hakuna cha kusafisha. Na mionzi kidogo tunaipata wote kutoka ardhini na angani, wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), hata bibi wa Chamwino ambaye hajawahi kupigwa picha ya kifua anaipata.

Lakini hiyo haina maana haidhuru. Mionzi inavuruga vinasaba ndani ya seli, mwili unarekebisha, sasa mara moja moja unarekebisha vibaya na miaka mingi baadaye inaweza kuja saratani. Utafiti uliotoka 2015 wa wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa sekta ya nyuklia Marekani, Uingereza na Ufaransa ulionyesha hatari inapanda taratibu kadri dozi ya mionzi inavyojumlishika, hata kama kila siku ni kidogo. Ni kiasi gani? Kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na ukipata zote hizo, hatari ya saratani inayoongezeka kwa makadirio haifiki mtu 1 kati ya 1,000. Wanaopiga picha za kawaida wakiwa nyuma ya ukuta wa kinga wako chini sana ya hapo, mimi hao hawaninyimi usingizi.

Wanaoninyima usingizi ni wale wa chumba cha upasuaji na wa kuzibua mishipa ya moyo, maana wao wanasimama pale pale kitandani mashine ikiwaka, daktari na sista wake, saa nzima wakati mwingine. Mionzi inampiga mgonjwa afu inatawanyika kutoka kwenye mwili wake, kwa hiyo kinachokumulika wewe hasa ni mgonjwa. Aproni ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi, sio ya bunduki) inakinga kifua na tumbo, macho yako wazi, na mtoto wa jicho wa mionzi huanzia nyuma ya lenzi taratibu bila maumivu yoyote. Ndo maana 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilishusha kikomo cha jicho kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi 20. Vaa miwani ya risasi, vuta kile kioo cha kinga cha kuning'inia, na kama huna kazi kitandani rudi nyuma, ukitoka mita 1 ukaenda 2 dozi inashuka hadi kama robo.

Na aproni jamani msiikunje kama khanga, risasi ndani inapasuka na kwa nje huoni kitu, itundikeni kwenye henga yake na ipigwe picha ya eksirei angalau mara moja kwa mwaka kuangalia nyufa.

Beji yenyewe haikukingi, inahesabu tu. Ikikaa kwenye droo majibu yatarudi safi kabisa na hayatakuhusu wewe. Ukiazimana na mwenzio ndo balaa, wote wawili hamna rekodi. Vaa kifuani ndani ya aproni, ukipewa ya pili ikae kolani kwa nje ndo ituambie habari za macho. Mama mjamzito mwambie mkuu wako mapema, mtoto tumboni kikomo chake ni milisiveti 1 kwa muda uliobaki wa ujauzito, utapangiwa kazi nyingine, hufukuzwi. Na majibu ya beji yakirudi usikubali yaishie kwenye faili la ofisini, omba uyaone, ni ya kwako.